Baga ndogo za kuku, jiko la Kedowa na shilingi kumi zilizobaki

Swali lilitufikia kwa meseji, na lilikuwa fupi: "Baga zangu zinaisha kila siku, na kila siku jioni sina pesa. Ni nyinyi mnanikata ama ni mimi?"

Aliyeuliza ni mama anayepika nyumbani kwake Kedowa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho. Tungeweza kumtumia orodha ya ada zetu na kumtakia siku njema. Badala yake tulimwomba ruhusa twende tupike naye, tukae na daftari mkononi, tuone shilingi inaingilia wapi na inatokea wapi. Alikubali kwa sharti moja: jina lake tusiliandike, kwa sababu kuna sehemu ya hadithi hii ambayo hata dada yake hajawahi kuisikia. Kwa hivyo hapa tutamwita mwenyeji wetu tu.

Kama hujawahi kupita Kedowa, jua kwamba asubuhi yake ni ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Ni nchi ya juu, ya viazi, kabichi, maziwa na majani chai, na stejini watu wa bodaboda huvaa jaketi mpaka saa tano. Watu wa namna hiyo wanataka kitu cha moto, kinacholiwa kwa mkono mmoja, kisichomwaga mchuzi kwenye nguo. Ndiyo maana baga ndogo zinauzika. Mjini utasikia zikiitwa slaida. Wazo lenyewe si geni: mkahawa wa White Castle ulianza Wichita, Kansas, huko Marekani, mwaka wa 1921, ukiuza baga ndogo kwa senti 5 kila moja, na watu walizinunua kwa mfuko. Za mwenyeji wetu ni za kuku, tamu kwa nanasi na asali, kali kidogo kwa tangawizi na pilipili, ndani ya skonzi laini aliyoioka mwenyewe.

Tutakupa mapishi yote, kwa sababu hata kama huuzi, watoto watakushukuru. Kiasi tulichotumia ni kuku mmoja na unga nusu kilo, na kinatoa baga 18. Shika hiyo namba 18, tutairudia.

Kazi inaanza jana yake

Kuku hulazwa usiku. Mwenyeji wetu hutumia broila wa kilo moja na nusu aliyesafishwa. Kienyeji ni mtamu zaidi, hilo hatubishani, lakini nyama yake inahitaji moto mrefu na bei yake ni nyingine kabisa. Kata kuku vipande, weka kando shingo, mgongo na ncha za mabawa. Vipande vilivyobaki vitie kwenye bakuli na kikombe kimoja cha maziwa lala, kijiko cha chai cha chumvi na punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa. Funika, weka mahali pa baridi. Ule uchachu wa maziwa hulainisha nyama polepole na kuifanya ishike chumvi mpaka ndani.

Tulimuuliza kwa nini asitumie mursik, maana gudi ilikuwa pale pale ukutani, imepakwa mkaa wa senetwet vizuri. Alitutazama kama watu waliopotea. "Mursik ni ya kunywa, si ya kuogeshea kuku." Tuliandika na tukaendelea.

Jambo moja ambalo wengi hukosea: usilaze kuku kwenye nanasi bichi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyama, na ukiliacha usiku kucha utaamka ukute kuku amekuwa kama uji. Moto huua nguvu hiyo. Nanasi lingoje sufuria.

Skonzi

Saa kumi na moja na nusu asubuhi tulikuwa jikoni. Chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari robo kikombe, kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko viwili vya chai vya hamira ya chembechembe. Pasha maziwa robo lita mpaka yawe vuguvugu tu, kidole kikae ndani bila kuruka. Ongeza yai moja na siagi au majarini ya vijiko vitatu vikubwa, kisha ukande. Ukande kweli, dakika kumi hadi kumi na mbili, mpaka unga uache kung'ang'ania mkono na ukiuvuta unyooke bila kukatika upesi. Unga wa skonzi unatakiwa uwe laini kuliko wa chapati. Ukiona unanata kidogo, usikimbilie kuongeza unga mkavu, utapata skonzi za kurusha dirishani.

Hapa Kedowa kuna vuta nikuvute ya hali ya hewa. Kwenye nchi ya juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo unga huumuka kwa urahisi zaidi. Lakini baridi ya asubuhi huifanya hamira ilale. Anayefuata dakika za kitabu atachapwa na mojawapo. Mwenyeji wetu huweka bakuli kwenye stuli karibu na jiko, limefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na haangalii saa. Anaangalia unga umefika mara mbili ya ulivyokuwa. Siku yetu ilichukua karibu saa moja na nusu.

Gawa unga madonge 18, kila moja saizi ya yai kubwa la kuku. Zungusha kila donge kiganjani mpaka juu pawe laini, uyapange kwenye mabati mawili ya duara yaliyopakwa mafuta: manane kuzunguka, moja katikati. Yaache yakaribiane. Yakiumuka tena yatagusana, na pale yanapogusana ndipo skonzi inabaki nyororo. Acha nusu saa.

Hana oveni, na hakuihitaji. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, juu ya jiko la makaa, bati ndani, kifuniko, na makaa mengine juu ya kifuniko. Siri ni makaa machache chini na mengi juu. Tulimwona akikosea mara moja, kwa sababu ya kutuhadithia huku akipepea, na bati la kwanza likashika chini. Dakika 20 hadi 25 zinatosha. Zikitoka tu, zipake siagi iliyoyeyushwa na kijiko kimoja cha asali, zing'ae.

Kuku na nanasi

Wakati unga unaumuka, toa kuku kwenye maziwa, mpanguse, mkaange na mafuta kidogo mpaka abadilike rangi pande zote. Mtoe. Kwenye sufuria hiyo hiyo kaanga vitunguu viwili, kisha tangawizi ya kidole gumba iliyoparuzwa, saumu, pilipili moja na nyanya tatu. Zikishapondeka, weka nanasi lililokatwa vipande vidogo. Mwenyeji wetu hupenda mananasi ya Roret, kule Bureti, na wiki hiyo alikuwa amelipata moja lililoiva mpaka linanukia mlangoni. Lipike dakika tano peke yake, ndipo urudishe kuku, kijiko kimoja kikubwa cha asali, kijiko kimoja cha siki au maji ya ndimu, chumvi ya kuonja, na maji nusu kikombe.

Funika na uwe mvumilivu. Kwenye urefu wa mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, wala si 100 kama pwani, kwa hivyo chakula cha kuchemsha hukawia. Dakika 45 ni kawaida. Kuku ameiva nyama ikiachana na mfupa yenyewe na maji yake hayana wekundu wowote, hasa karibu na kiungo cha paja. Hapo usibahatishe, kwa sababu mteja mmoja akiumwa tumbo, steji nzima itajua kabla ya saa sita.

Toa vipande, chambua nyama kwa uma mbili, tupa ngozi kama huipendi. Acha mchuzi uendelee kuchemka bila kifuniko mpaka uwe mzito wa kupaka, kisha rudisha nyama na uchanganye. Onja. Unatakiwa usikie utamu kwanza, halafu chumvi, halafu pilipili ikupate mwishoni. Ukisikia utamu peke yake, ongeza siki kidogo na chumvi.

Kata skonzi katikati, weka kijiko kilichojaa cha kuku, juu yake kabichi iliyokatwa nyembamba sana na karoti, iliyosuguliwa kwa chumvi na ndimu. Funga kwa karatasi ya kaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea, kama unavyojua, ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo karatasi ni gharama ambayo lazima iingie kwenye hesabu.

Daftari linafunguliwa

Na ndiyo, hesabu. Mwenyeji wetu alikuwa anauza baga moja shilingi 70. Tulimuuliza alifikaje kwenye bei hiyo. "Kuku mia saba hamsini, unga arobaini na tano. Nikagawanya. Inakuja kama arobaini na nne kila moja. Nikiuza sabini si napata ishirini na sita?"

Ingekuwa hivyo kama watu wangekula kuku na unga mkavu. Tulirudi kwenye kila kitu tulichogusa asubuhi hiyo na kukiandika kwa bei aliyoilipa. Kuku 750. Unga 45. Maziwa na maziwa lala 50. Majarini 40, yai 15. Sukari, hamira na chumvi tulikadiria 30. Nanasi 80. Vitunguu, nyanya, saumu, tangawizi, pilipili na ndimu 60. Kabichi na karoti 30. Asali 40. Makaa 70, na hapo alishtuka kidogo, kwa sababu gunia hununuliwa mara moja kwa mwezi na hakuwahi kuligawanya kwa siku. Karatasi 40.

Jumla shilingi 1,250. Baga 18 kwa 70 ni shilingi 1,260.

Akaangalia daftari. Akachukua kalamu akajumlisha mwenyewe, mara mbili. Shilingi kumi, kwa mtu aliyeamka saa kumi na moja.

Sasa upande wetu. Karibu wateja wake wote hulipa kwa simu, kwenye laini yake ya kawaida. Jioni alikuwa anaenda kwa wakala anatoa pesa yote, ili kesho yake anunue kuku kwa pesa taslimu. Kutoa 1,260 kulimkata shilingi 29. Maana yake faida ya kumi iliisha, na akaongezea 19 kutoka mfukoni ili watu wa Kedowa wale baga. Kwa hivyo jibu la swali lake lilikuwa hili, na tulimpa usoni: ni sisi kidogo, na ni bei yako zaidi.

Upande wa ada haukuwa mgumu. Mwenye kuku anapokea kwa simu. Duka la unga lina till. Hata anayemuuzia makaa ana namba. Hapakuwa na sababu ya pesa kupitia kwa wakala kila jioni, ila mazoea. Akilipa moja kwa moja kutoka kwenye simu, anaokoa ada ya kutoa, na zaidi ya hapo kila ununuzi unabaki kwenye taarifa yake ya mwezi. Daftari linaweza kusahaulika kwa jirani, hiyo haisahauliki. Kulipa nako kuna ada zake, kwa hivyo soma kiasi kinachoonyeshwa kabla ya kuweka PIN.

Tulimshauri pia afungue till ya biashara. Anayelipa kwa till ya kununua bidhaa halipi ada ya kutuma. Mwenye biashara ndiye hukatwa sehemu ndogo, na ni vizuri uulize kiwango chake kabla ya kujisajili, usisubiri kukiona kwenye salio. Faida kubwa kwake ilikuwa nyingine kabisa: pesa ya baga ingeacha kulala kitanda kimoja na pesa ya karo. Kwenye laini moja alikuwa na malipo ya majani chai, mchango wa chama, pesa ambayo dada yake alimwachia amtunzie, na mauzo. Salio likisoma elfu nane, hakuna anayejua lipi ni la nani. Na mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai inapoingia, biashara yoyote huonekana inaendelea vizuri.

Bei ndiyo ilileta ubishi. Sisi tulisema 100, ili kila kuku aache 550. Yeye akasema Kedowa si Nairobi, na hoteli ya jirani inauza chapati na maharagwe kwa bei ambayo mtu wa boda anaijua kichwani. Tulipiga hesabu ya 90: mauzo 1,620, linalobaki 370. Mwishowe aliamua mwenyewe, 90 stejini na 100 kwa oda za sherehe, na shingo, mgongo na mifupa vianze kutengeneza supu badala ya kupewa mbwa. Tulidhani anakosea kuhusu stejini. Wiki mbili baadaye alituandikia kwamba mauzo ya siku za kawaida yalipungua kidogo na watu wawili walimnunia. Pesa inabaki, alisema, na mmoja kati ya hao wawili amesharudi.

Meseji ya Desemba

Sehemu ambayo dada yake hajaisikia ilitoka tulipokuwa tunakula. Desemba iliyopita alipigiwa simu na mwanamume mwenye adabu sana, aliyemwita mama kila baada ya maneno matatu. Anataka baga 36 za sherehe. Bei ilikuwa bado 70, kwa hivyo 2,520. Alipika kuku wawili. Zikiwa tayari, meseji ikaingia: amepokea 5,520. Simu ikafuata hapo hapo. "Mama, nimekosea, nimeandika tano mahali pa mbili. Nirudishie elfu tatu tafadhali, na kijana wa boda yuko hapo nje anachukua chakula." Boda alikuwepo kweli. Alikuwa mtu wa kutumwa tu, hakujua lolote.

Alituma elfu tatu. Alitoa baga 36. Jioni akaangalia salio, na pesa ya karo ya Januari ilikuwa imepungua elfu tatu. Hakuna chochote kilichokuwa kimeingia. Ukiweka na gharama ya chakula, 2,500, siku moja ilimchukua 5,500. Ile elfu tatu ilikuwa pesa ya dada.

Alituonyesha meseji ile, hakuifuta. Ilikuwa imeandikwa vizuri, yenye msimbo na tarehe na hata salio jipya. Lakini juu kabisa, mahali pa mtumaji, palikuwa na namba ya simu ya kawaida, ya mtu. Meseji ya kweli ya malipo hutoka kwa jina la huduma na hukaa kwenye mfululizo mmoja na meseji zako za zamani za malipo. Salio lililoandikwa pia halikulingana na lake la asubuhi, ila nani husoma salio akiwa na mikono ya unga?

Kwa hivyo tunamwomba kila anayeuza kwa simu afanye jambo moja kabla ya kutoa mzigo: uliza salio lako mwenyewe kupitia menyu au programu, usitegemee meseji pekee. Mtu akikuambia ametuma kimakosa, hata kama pesa imeingia kweli, usimrudishie wewe. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja, muamala urejeshwe kwa njia rasmi. Aliyekosea kweli atafanya hivyo. Tapeli atapandisha sauti, atakuambia mtoto yuko hospitali. Na kwa oda kubwa, chukua nusu siku moja kabla. Ukilaghaiwa, piga simu kwetu mara hiyo hiyo na uripoti polisi. Yeye alikaa siku tatu kwa aibu, na kufikia hapo ile elfu tatu ilikuwa imeshatolewa.

Alishamlipa dada yake, polepole, bila kumweleza ilikuwa imeenda wapi.

Tulipokuwa tunafunga virago, oda iliingia ya koito, Jumamosi, baga 54. Alitaja bei, 5,400, na akaomba nusu. Mteja akasema ametuma. Mwenyeji wetu alipanguza mikono kwenye aproni, akafungua menyu, akauliza salio. Haikuwa imefika. Mtandao ulikuwa wa kusuasua mchana ule, na mteja akaanza kuuliza kama hawaaminiani. "Tunaaminiana, baba. Tungoje tu." Sisi tulikaa kimya tukila zile zilizoshika chini, ambazo kwa kweli si mbaya ukikwangua. Dakika nne hivi zikapita. Akauliza salio tena, 2,700 ilikuwa imeingia, akasema kongoi, na akampigia mwenye kuku amwekee watatu.